Ajenti Alizika Mama Yake Kwenye Ploti Yangu

Nilisukuma geti langu mwenyewe, begi la Doha bado mgongoni, nikakuta kaburi.

Kaburi, jamani!

Limejengwa kwa simiti, lina msalaba, liko katikati ya uwanja pale nilipowaambia mafundi waache nafasi ya kuanika nguo. Na nguo zilikuwa zimeanikwa kweli, kwenye kamba... juu ya kaburi!

Nikasoma msalaba. MAMA DORCA. PUMZIKA KWA AMANI.

Dorca ni nani? Sisi ni Waislamu wa Kaloleni, hapa Kisumu. Wafu wetu tunawapeleka makaburini, hatuwaziki mlangoni.

Mlango wa nyumba ya mbele ukafunguka, ile niliyojiwekea mwenyewe ya kuhamia nikirudi. Akatoka Nicodemus, ajenti wangu, kifua wazi, mswaki mdomoni.

"Unatafuta nani?"

"Nico, ni mimi. Swaumu!"

Akatema povu chini. "Swaumu gani?"

Hebu ngojeni niwaeleze nilivyofika hapo, maana najua mtauliza.

Nilienda Doha kusafisha wodi za hospitali. Kila nilichopata nilikileta hapa Nyamasaria, pembeni ya mji wa Kisumu, nikajenga safu mbili za vyumba vya kupangisha. Fundi wangu alikuwa Waliaula, mtu wa Bungoma, mpole mpaka anakera. Akiwa anapandisha ukuta wa ploti hiyo hiyo alianguka, mguu ukavunjika, wakamtia chuma. Kazi ya ujenzi ikamshinda, nikamfanya caretaker wa kuangalia ploti.

Lakini caretaker si wa kushughulikia wapangaji na mambo ya ofisi. Na ndugu zangu? Hao wangeila ploti mpaka na mabati. Nikaona bora mtu baki. Ndiyo nikampata Nicodemus, ana ofisi mjini, ana tai, anaongea kama redio.

Nikawaambia wote, wapangaji na Waliaula pia: msinipigie mimi. Kila kitu kipitie kwa Nico. Kazini Doha simu ni kosa, ningefanyaje?

Korona ikaingia. Ndege zikafungwa. Wakati huo huo Waliaula akanitumia sauti kwa WhatsApp.

"Mama, kuna jambo ya hii ploti. Nataka nikuambie wewe mwenyewe. Si Nico."

Nilikuwa zamu. Nilipompigia, mteja hapatikani. Nikampigia Nico.

"Madam, huyo mtu wako ametoroka! Amekusanya kodi ya watu akaenda nayo!"

Damu ilinichemka. Nilichukua picha ya Waliaula nikaiweka Facebook, kwenye kundi la watu wa Kisumu: MWIZI HUYU, MKIMWONA MKAMATE. Ikasambaa kama moto wa nyasi.

Mkewe, Nasipwondi, akanipigia kutoka Bungoma analia.

"Mama, bwana yangu ako wapi? Simu yake haiingii."

"Mumeo ni mwizi! Ukimpata mwambie namtafuta!"

Nikamblock.

Nico aliendelea kunitumia kodi bila kuchelewa, mwaka na zaidi, nikamshukuru Mungu kwa ajenti mwaminifu. Halafu ghafla, kimya. Simu mteja. Wapangaji niliowajaribu, namba zao zilishabadilika. Mkataba wangu ulipoisha nikafunga begi bila kumwambia mtu.

Na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya kaburi, naulizwa mimi ni Swaumu gani.

"Toka kwa nyumba yangu!" nikamwambia.

Akacheka.

"Mama, hii ni dala. Boma ya familia. Mama yangu amelala hapo. Wewe umezaliwa Kisumu, hebu niambie, Mluo gani anazika mamake kwa ploti ya mtu?"

Wapangaji walichungulia milangoni. Mmoja mmoja wakarudi ndani.

Nilikimbia kwa mzee wa mtaa na hati yangu mkononi. Aliisoma, akanirudishia taratibu.

"Karatasi ni yako, sikatai. Lakini hiyo kaburi... Watu wa hapa hawagusi kaburi. Ukienda kulibomoa watakupiga mawe. Mwenye kaburi ndio mwenye boma."

"Kwa hiyo nimepoteza ploti?"

"Mos, mama. Pole sana."

Jasho langu lote! Ujana wangu wote nimeumalizia kusugua vyoo vya watu, halafu maiti nisiyoijua inaninyang'anya? Nilitoka pale nalia barabarani kama mtoto.

Aliyenishika mkono ni Rachael, mpangaji wangu anayeuza dagaa wa omena kwa geti. Alinivuta nyuma ya meza yake.

"Mama Swaumu, mimi nilikuwa hapa siku ya mazishi. Jeneza ilikuja imefungwa na nailoni. Nico akasema mamake amekufa na korona, mtu asikaribie. Tukasimama mbali na maski zetu. Yeye na vijana wake wakazika haraka haraka, hata nyimbo hakuna."

"Sasa hiyo inanisaidia nini, Rachael?"

"Ngoja. Mama wa Kiluo mwenye bwana anazikwa kwa boma ya bwanake. Si town! Nikamuuliza Nico. Akasema kwao Ahero ni mafuriko, boma yao iko ndani ya maji."

"Na mafuriko yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Lakini maji si hushuka? Tangu siku hiyo sijaona mtu wa kwao hata mmoja akija kulia hapa. Hata shangazi! Umewahi kuona wapi?"

Kesho yake nilikuwa Ahero, naulizia nyumbani kwa Nicodemus wa mambo ya nyumba. Nikaelekezwa mpaka boma moja kando ya mashamba ya mpunga. Mama mmoja mzee alikuwa amekaa kwa mkeka anapepeta mchele.

"Shikamoo mama. Natafuta nyumbani kwa marehemu Mama Dorca."

Uteo ukasimama.

"Marehemu gani? Dorca ni mimi."

Nywele zilinisimama! Nikampa simu aone picha ya kaburi niliyopiga. Akaisogeza karibu na macho. Akasoma jina lake kwenye msalaba, herufi kwa herufi.

"Yawa! Nico amenizika?"

Hakulia. Kumzika mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alijitanda leso, akafunga mlango wa nyumba, akasema, "Twende."

Tulipoingia kwa geti, Nico alikuwa anakunywa chai uwanjani. Kikombe kilimponyoka.

"Nico," mamake akasema, "nimekuja kuona mahali nimelala."

Watu wakatoka vyumbani wote. Wengine wakapiga nduru, huyu mama alizikwa wakiangalia! Nico akaanguka magotini.

"Mama, nisamehe! Ilikuwa tu ya ploti. Hakuna mtu hapo ndani, ni mgomba! Tuliweka mgomba kwa jeneza!"

Mgomba! Kuna mtu akacheka, na wengine wakafuata. Hata mimi nilicheka, wallahi, nilicheka mpaka nikashika tumbo. Ploti yangu ilikuwa imerudi.

Mama Dorca peke yake hakucheka.

"Basi ichimbuliwe. Mimi silali na kaburi yangu imesimama."

"Hapana!" Nico aliruka. "Nitavunja simiti mimi mwenyewe, nitaweka maua. Lakini chini isiguswe!"

"Kama ni mgomba, unaogopa nini?"

Vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Mama Dorca ndiye aliyekwenda polisi kupiga ripoti kwamba yuko hai na ana kaburi. Amri ya korti ilipotoka wakaja polisi na watu wa afya, wakavunja simiti, wakachimba. Jeneza likatolewa na nailoni yake. Mmoja akainua kifuniko, halafu akarudi nyuma.

Haukuwa mgomba.

Alikuwa mtu, mifupa na nguo. Afisa wa afya aliinama, akasema kwenye mfupa wa mguu kuna chuma kirefu na skrubu zake.

Mimi nilijua kabla hajamaliza kusema. Nilikaa chini kwenye udongo na baibui langu.

Kumbe Waliaula hakwenda popote! Alimsikia Nico akimwonyesha mtu ploti anataka kuiuza, akamwambia, "Nitamwambia mwenye ploti." Nico akampiga na mpini wa jembe. Hayo aliyasema yeye mwenyewe kituoni alipokamatwa. Mnunuzi alikimbia, Nico akabaki na maiti, na korona ikamletea akili. Jeneza lililofungwa, jina la mama, watu wakae mbali. Kaburi moja likamfanyia kazi mbili, likamficha mtu na likampa ploti. Na hiyo kodi aliyonitumia bila kuchelewa ilikuwa ya kunilaza usingizi.

Nasipwondi alifika na gari la kubeba mwili. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

"Mama, watoto wangu waliacha shule. Wakiingia darasani wanaitwa watoto wa mwizi. Ile picha yako ilifika mpaka kwetu."

"Nasipwondi, nisamehe."

"Kuja matanga. Kuja uongee mbele ya watu."

Nilienda Bungoma. Uwanja ulijaa. Walinipa kipaza sauti.

"Naitwa Swaumu. Mimi ndiye mwenye ile ploti. Waliaula hakuwa mwizi. Aliuawa akilinda mali yangu."

Mamake Waliaula, kikongwe, alikuwa amekaa chini kando ya jeneza, mkono wake juu ya mbao. Akainua uso akaniangalia.

"Basi mbona ulisema?"

Nilisimama na kipaza sauti mdomoni mpaka mchungaji akaja akakichukua.

Nico yuko rumande, kesi inaendelea. Ploti ni yangu, hakuna anayebisha tena. Wapangaji wote walihama, Rachael naye akahama. Hakuna anayetaka kulala pale, na mimi siwezi.

Wewe uliye Doha, uliye Nairobi, uliye Marekani, una vyumba vyako Kisumu na ajenti wa kukutumia ripoti nzuri... Masikio yako yote ukimpa mtu mmoja, utasikia anachotaka yeye. Akikwambia fulani ametoroka, usiweke picha ya mtu mtandaoni. Tuma mwingine akaangalie, tuma wa pili, mpigie mkewe umsikilize. Mimi mkewe alinipigia mwenyewe, nikamfungia simu, na mumewe akakaa chini ya kamba yangu ya nguo peke yake miaka yote hiyo.