Fungu la Wasioweza Kuvuta

Kila Jumanne na Ijumaa, Musonda alivaa viatu. Alinawa uso, akakaa kwenye kigoda mlangoni akiitazama barabara ya Mansa, kwa maana basi la barua lilipita siku hizo mbili. Siku nyingine pia aliamka alfajiri, saa ileile ya zamu ya kwanza mgodini, ingawa hapa Nchelenge, kwao kando ya ziwa, hakukuwa na king'ora cha kumwita mtu kazini. Aliamka, akakaa.

Binti yake, Dorica, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisoma zamu ya mchana, hivyo asubuhi alichota maji ziwani na kumsaidia mama yake, ambaye alikuwa amejifungua majuzi na hakuwa na nguvu za kwenda shamba la muhogo. Kila alipoteremka na ndoo, Dorica aliikumbuka Kitwe, mji wa migodi. Kule baba yake alirudi kutoka shimoni akipiga mluzi, na mluzi ulifika nyumbani kabla yake. Kisha ukaja mwaka wa sabini na tano, bei ya shaba ikaanguka, mgodi ukapunguza watu. Musonda aliambiwa, "Nenda kwenu, tutakuandikia." Mwaka mzima ulikuwa umepita. Barua haikuja, na mluzi haukusikika tena. Dorica aliutamani mluzi ule kuliko taa za umeme na mkate wa asubuhi.

Ufukweni palikuwa na wavu mkubwa wa Hippolyte. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka ng'ambo, Zaire. Serikali ya kwao ilikuwa imekataza majina ya Kizungu kama hilo, lakini upande huu wa ziwa hakuna aliyemwita vingine. Mtumbwi ulizungusha wavu mbali majini, kisha watu wakauvuta kwa kamba mbili ndefu mpaka mchangani. Desturi ilikuwa moja: aliyeshika kamba hakosi samaki. Awe mjane, awe mpita njia, akivuta atapata.

Lakini kabla ya yote, mama Clotilde, mgawaji, alitenga fungu dogo juu ya jamvi. Hilo lilikuwa fungu la wasioweza kuvuta: wagonjwa, wazee, na mzee Ngosa aliyekuwa kipofu. Hakuna aliyelinung'unikia.

Dorica alivuta, akapewa sehemu ya mtoto, yaani samaki wadogo watatu. Kwa watu watatu, mmoja wao mama anayenyonyesha, samaki watatu hawafiki popote.

Asubuhi moja Hippolyte alimtazama akihema kwenye kamba, akamuuliza kwa Kiswahili cha ng'ambo.

"Weye mutoto, tata yako iko wapi? Kila siku njo weye tu."

Kabla Dorica hajajibu, msichana mmoja wa darasa lake, Jessy, alidakia. "Baba yake ana kazi, bwana! Kazi yake kulinda barabara isiibiwe."

Watu walicheka mpaka kamba ikalegea. Dorica alihisi uso unawaka. Neno likamtoka mdomoni kabla hajalipima.

"Tata ni mgonjwa! Ana vumbi la mgodi kifuani!"

Kicheko kilikatika. Hippolyte alivua kofia. "Pole, mutoto yangu. Mama Clotilde, umupe ya wagonjwa."

Siku hiyo Dorica alipanda nyumbani na kambale wawili wanene.

"Umewapata wapi?" aliuliza baba yake.

"Nimevuta, Tata."

Musonda alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Basi unavuta kama mtu mzima."

Kwa ajili ya tabasamu lile Dorica aliurudia uongo wake kesho yake, na keshokutwa, wiki nzima.

Ijumaa upepo ulichafua ziwa. Wavu wa kwanza ulitoka na majani mengi na samaki wa kuhesabika kwa vidole. Fungu la jamvini lilikuwa samaki wawili tu, makobo. Mzee Ngosa alikuja akipapasa njia kwa fimbo, akachuchumaa mchangani.

"Leo ni mmoja mmoja, babu," mama Clotilde alisema. "Mmoja wako, mmoja wa Musonda mgonjwa."

Mzee Ngosa alimpokea samaki wake, akampima uzito mkononi. Kisha akageuza uso. "Binti wa Musonda yupo?"

"Nipo, babu."

"Mpelekee na huyu. Mimi nimepoteza macho, lakini pumzi ninayo. Mtu wa kifua akikosa mchuzi haoni mwezi mpya."

"Hapana, babu, mle ninyi!" Dorica alisema kwa wingi wa heshima.

"Shika, mtoto. Usimrudishie mzee mkono wake."

Dorica alishika. Alipanda mteremko na samaki wawili, na hakuwa amewahi kubeba ndoo nzito kama samaki wale. Nyumbani hakuwatia chunguni. Aliwaweka chini, mbele ya viatu vya baba yake.

"Tata, sikuwavuta hawa. Ni samaki wa wagonjwa. Niliwaambia una vumbi kifuani. Huyu mdogo ni chakula cha mzee Ngosa. Atalala njaa ili wewe upone."

Musonda aliinuka, mkono juu. Dorica alifumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua, baba yake alikuwa amekaa tena, mikono magotini.

"Mimi, mgonjwa," alisema polepole.

"Walikucheka, Tata. Wanasema hupendi kazi."

"Hawajui kazi niliyoifanya chini kule. Dorica, niliondoka hapa nikiwa mdogo kuliko wewe. Kamba ile sijui hata inashikwaje. Nitasimama mkiani na watoto, mimi niliyeongoza watu kumi. Na nikiishika..." Aliitazama barabara. "Nikiishika, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kwamba barua haiji."

Dorica naye pia aliitaka ile barua. Ndani ya nyumba mtoto mchanga alilia, na mama yake akaita, "Dorica, kitoweo kiko wapi?"

Musonda aliwaokota samaki wote wawili. "Twende," alisema.

Walikuwa nusu ya mteremko basi la Mansa lilipopiga honi barabarani. Musonda alisimama. Dorica aliona shingo yake inageuka, ikabaki hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Posta haihami. Tutauliza jioni," akaendelea kushuka.

Watu walikuwa wanauvuta wavu wa pili. Musonda alichuchumaa mbele ya mzee Ngosa, akapiga makofi taratibu kama heshima ya kwao inavyotaka.

"Shikamooni, baba. Mimi ni Musonda. Samaki wenu huyu hapa. Mimi si mgonjwa."

Hippolyte aliiachia kamba.

"Namna gani? Weye mutu muzima, unakula ya kipofu?"

"Nilisema mimi!" Dorica alilia. "Uongo ni wangu!"

"Mdomo ulikuwa wake," Musonda alisema, "lakini mimi ndiye niliyemtuma kwa kukaa kwangu. Nilingoja kazi yangu irudi. Nikasahau kwamba njaa haingoji. Na kama mnataka kucheka, chekeni vizuri: sijui kuvuta."

Hakuna aliyecheka. Mama Clotilde alinyoosha kidole. "Mkia wa kamba uko wazi, baba Dorica. Na hivyo viatu utavitoa, vitakuzamisha."

Musonda alivua viatu, akashika kamba nyuma ya watoto. Alivuta kwa mabavu, mikono ikamteleza, akaanguka chali mchangani.

"Si kwa mikono, ba Musonda!" Jessy alipiga kelele, sasa akimwita kwa heshima. "Kwa kiuno! Egemea nyuma, halafu piga hatua!"

Hapo watu walicheka, na yeye mwenyewe akacheka akikung'uta mchanga. Akaegemea, akapiga hatua. Kamba ikaja.

Wavu ulipofika, mama Clotilde aligawa. Alimpa Musonda sehemu ya mwanafunzi, sawa na ya mtoto, naye akaipokea kwa mikono miwili iliyochubuka.

"Wewe Dorica," mama Clotilde alisema, "wiki nzima utavuta, na sehemu yako itaenda jamvini. Ulichokitoa huko utakirudisha."

"Ndiyo, mama."

"Sasa sikilizeni, na ninyi mnaocheka wenzenu sikilizeni. Kukosa kazi si kosa. Shaba ikianguka huko duniani, si Musonda aliyeiangusha. Na kula fungu la jamvini si aibu kwa asiyeweza. Kesho nitaugua mimi, nitalila, na sitainamisha kichwa. Lakini lile jamvi ni dogo. Mwenye mikono akilikalia, asiye na mikono analala njaa. Dorica, ulitaka kuficha aibu ya baba yako kwa uongo, ukaizidisha. Ukweli ungemletea kamba mapema zaidi." Akamgeukia Musonda. "Na wewe, barua ingoje. Hakuna anayekukataza kutamani. Ngoja, ila mikono iwe kazini."

Baba na binti walipanda mteremko na samaki wao wachache. Jioni walikwenda posta kweli, na barua haikuwepo. Musonda alisimama dirishani kidogo zaidi ya kawaida, na Dorica akaiona ile hamu usoni mwake, nzima, haijapungua hata chembe. Ilimuuma, maana ilikuwa yake pia.

Barabarani Musonda alikunjua viganja, akayatazama malengelenge.

"Mama yako asije akaona," alisema. "Atasema siku ya kwanza tu nimeanza kulalamika." Kisha akauliza, "Upepo ukitulia, wanavuta kuanzia upande gani?"

"Upande wa matete, Tata," Dorica alijibu, na akaanza kumweleza yote aliyoyajua.