Mgawanyo wa Ishirini na Sita

Kila akitoka shule, Charline alipitia soko la Birere kumsaidia mama yake, Mama Marcelline, kuuza viazi vya Kibumba. Alipanga mafungu ya viazi kumi kumi mezani, kisha akafungua daftari.

Siku hiyo Mwalimu Bagalwa alikuwa amewapa namba moja: 10 403. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Atakayeleta jibu sahihi, pamoja na baki ya kila mgawanyo, ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya Jumamosi. Nafasi ilikuwa moja, na Charline aliitaka mno.

"Jaribuni namba tasa zote mpaka 101," mwalimu alisema. "102 mara 102 ni 10 404, imeshapita namba yetu."

Charline alizinakili namba tasa kutoka jalada la nyuma la daftari. Orodha ile iliishia 97. Aligawa mara ishirini na tano, na kila mara kulikuwa na baki. Vidole vilimchoka. Ishirini na tano zimekataa, aliwaza, hii 101 iliyobaki itakubali vipi? Kwa 101 hakugawa. Aliandika tu: baki 2.

Rafiki yake Asma akapita na daftari lake. "Charline, 101 umeifanya? Kwenye jalada haiko."

"Nimeifanya. Inabaki mbili. Ni nombre premier, namba tasa."

Asma akamwamini, akaandika vilevile, akaenda zake.

Mara mteja akaja. Mama Marcelline alihesabu fungu la mwisho, akakunja uso. "Charline, humu muko viazi tisa!"

"Mama, mengine yote nilihesabu. Nikaona na hili litakuwa sawa."

"Mutu atakayenunua hili, mutoto wangu, hatakula yale mengine."

Charline aliongeza kiazi, akarudi kwenye daftari. Aligawa kwa 101. Akapata 103. Hakuna baki! Akarudia, ikawa vilevile.

Angeweza kufuta ile 2, akanyamaza. Asma angekosa, yeye angekwenda kwenye mashindano. Wazo hilo lilimpendeza, kisha likamtia aibu.

Asubuhi, kabla madaftari hayajakusanywa, alisimama mbele ya darasa zima. "Mwalimu, baki ya mwisho niliitunga. Asma naye nilimudanganya. 10 403 ni 101 mara 103."

Mwalimu Bagalwa akawatazama Charline na Asma. "Wewe umetunga, na wewe umenakili. Jibu sasa wote wamelisikia, na nafasi bado haina mwenyewe." Akaandika namba mpya ubaoni: 11 663. "Mpaka 107. Anzeni."

Safari hii Charline hakuruka hata moja. Alifika 107 na kupata 109 kamili. Alipoinua kichwa, Asma alikuwa ameshakabidhi karatasi yake, nayo ilikuwa sahihi yote; nafasi ikawa yake. Charline alilia kidogo, kisha akamshika mkono rafiki yake.

Wengine walipotoka kucheza, mwalimu alimwita Charline. "Jana ulifanya kazi mara ishirini na tano. Jibu lilikuwa limekaa kwenye ile moja uliyoikimbia. Ndiyo maana kazi hufanywa mpaka mwisho, na isiyofanywa husemwa kwamba haikufanywa."

"Ndiyo, mwalimu."

Akamrudishia daftari. "Kuanzia leo, ukiniandikia baki, sitaigawa tena kuhakikisha. Nitaiamini."

Charline alilikumbatia daftari lake, akatoka uwanjani.