Karatasi Aliyoipunga Andrew

Drusilla Bonareri alifukuzwa kazi Ijumaa, na aliyemponza ni shemeji yake, Andrew Ombui.

Drusilla alikuwa karani wa ofisi ya mashamba. Mwaka ule wa 1973 aliona orodha ya viwanja vya Nyansiongo. Vibarua wa zamani walikuwa wamefutwa, na jamaa za wakubwa wamewekwa. Aliyanakili majina kwa mkono, akampa Andrew, akamsihi atafute mwandishi wa gazeti.

Wiki hiyo gari la sinema lilifika sokoni. Filamu ilikuwa ya mwandishi jasiri wa Ulaya. Alisimama mbele ya waziri, akapunga karatasi ya siri, watu wakashangilia. Andrew alirudi nyumbani kichwa kimevimba. Mkewe, Persis, alimwuliza kama bwana yule wa sinema naye alikuwa na chai inayongoja kuchumwa.

Jumatano, barazani, Andrew alisimama akasoma majina yote. Alipigiwa makofi. Chifu akanyoosha mkono kwa upole, akaomba kuiona karatasi. Andrew akampa. Chifu aliujua mwandiko ule, kwani kila barua aliyopata kutoka ofisi ya mashamba iliandikwa na Drusilla.

Drusilla alipofukuzwa, Andrew alikwenda Kisii mjini kwa Nehemiah Makori, aliyekuwa akiandikia gazeti.

"Mwandishi wa sinema alipewa karatasi na nani?" Makori aliuliza.

"Sijui. Hawakumwonyesha."

"Huyo ndiye Drusilla wako. Kazi yetu ya kwanza ni kumficha yeye, ndugu yangu. Wewe ulikimbilia makofi."

Makori alimweleza bila kumbembeleza. Ukipewa karatasi ya siri, nakili upya kwa mwandiko mwingine, uchome ile ya kwanza. Usimpe mtu. Kisha tafuta wengine wawili wanaolijua jambo hilo, habari isimwelemee mtu mmoja.

"Sinema ni saa moja na nusu," alisema. "Sisi tunangoja miezi."

Safari hii Andrew alifunga mdomo. Alimpeleka Makori kwa familia sita zilizofutwa, moja moja, akimtambulisha kama mnunuzi wa ndizi. Habari ilitoka baada ya miezi miwili, bila jina la yeyote aliyesema. Familia nne zilipata viwanja vyao.

Drusilla hakurudishwa kazini. Alipoteza utumishi wa miaka tisa, nyumba ya vyumba viwili, na nafasi ya binti yake katika shule ya bweni. Andrew alimwomba radhi mara tatu. Mara zote tatu Drusilla alimkaribisha uji, akazungumzia mambo mengine.