Bibi Secilia na Deni la Kiwanja

Mjini Lushoto, juu kidogo ya soko, kuna nyumba ya matofali yenye vyumba vinne. Anaishi humo Bibi Secilia, peke yake. Vitanda vya watoto bado vimetandikwa vizuri, lakini hakuna anayevilalia. Dotto yuko Dar es Salaam. Glory yuko Bulwa, anafanya kazi kwenye mashamba ya chai. Mume wa bibi, Mzee Abrahamu, alifariki miaka kadhaa iliyopita.

Asubuhi bibi huwasha moto katika jiko la nje, akachemsha chai ya mchaichai na kufungua redio. Mtangazaji akiuliza habari za asubuhi, yeye humjibu, "Nzuri, baba." Mchana hupalilia karoti nyuma ya nyumba. Jioni ukungu ukishuka kutoka msituni, huwasha taa ya barazani na kuiacha mpaka kuche. Anataka wapita njia wadhani kwamba humo ndani watu ni wengi.

Alasiri moja mlango uligongwa. Bibi alifurahi kupata mgeni. Akajifunga kitenge upya, akafungua. Alikuwa kijana mwenye koti jeusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ndani, baridi hiyo."

"Sikai. Natoka kampuni ya udalali. Hapa pana deni la pango la ardhi. Tangu mzee afariki halijalipwa."

"Mbona nalipa? Kila mwezi nikinunua umeme, luku inakata kodi!"

Kijana alicheka. "Hiyo ni kodi ya jengo, bibi. Hili ni deni la kiwanja."

Akampa karatasi. Bibi aliisoma polepole, kidole juu ya maneno. Kulikuwa na deni lenyewe. Kulikuwa na adhabu ya kuchelewa. Chini yake kulikuwa na gharama ya ufuatiliaji, gharama ya usafiri, ada ya notisi na ada ya ushauri. Hizo za chini, ukizijumlisha, zilipita deni lenyewe.

"Ushauri gani huu? Nani kanishauri?"

"Huu ninaokupa sasa. Leta fedha taslimu ndani ya wiki mbili, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Au uiuze mwenyewe. Watoto hawapo, nyumba yote hii ya nini? Mteja ninaye."

Akaenda zake. Bibi alibaki ameshika mlango.

Bibi aliona aibu. Abrahamu alikuwa mweka hazina wa usharika, mtu asiyependa kudaiwa hata kiberiti. Leo nyumba yake inadaiwa! Bibi aliisukuma ile karatasi chini ya godoro. Jumapili hakwenda kanisani. Aliona kama kila mtu angemsoma usoni. Dotto alipopiga simu, alimuuliza, "Mama, mzima?"

"Mzima, mwanangu. Mvua tu."

Simu ilipokatika, bibi aliiweka mapajani. Akawaza, nyumba ikiuzwa, kulala kwenye kochi la mwanawe Dar es Salaam, kati ya wajukuu wasiojua Kishambaa. Nani angezungumza naye huko? Akaingia chumba kimoja baada ya kingine, akinyoosha mashuka ambayo hayakuwa na mkunjo.

Siku chache baadaye sauti ikaita uani kwa salamu ya Kishambaa. "Onga mshi, bibi! Siku hizi umekuwa mwali, hutoki nje?"

Alikuwa Mwanaheri, jirani yake. Mwanaheri huuza kabichi sokoni. Pia ni msaidizi wa kisheria wa kata. Amepata mafunzo ya kusaidia watu katika mambo ya sheria, na hatozi kitu.

"Naumwa kidogo," bibi akajibu kutoka ndani.

"Wapi panauma?"

Bibi aliinuka. Kisha machozi yakamtoka. Akafungua mlango, akaenda kuitoa karatasi chini ya godoro.

Mwanaheri aliisoma yote. "Bibi, umekaa na mzigo huu peke yako siku zote hizi? Na mimi niko ukuta huu hapa?"

"Niliona haya."

"Haya waone wao, wanaotoza hata nauli ya kuja kukutisha! Sikiliza. Kodi ya jengo na pango la ardhi ni vitu viwili. Luku inakata ya jengo tu. Pango la kiwanja hulipwa kila mwaka, peke yake. Wengi wamekosea kama wewe. Deni hilo ni la kweli, na kuchelewa kuna adhabu yake kisheria. Hivyo viwili hatuvikatai."

"Na hizi za chini?"

"Hizo ndizo tunazozipinga. Anayekutoza lazima akuoneshe sheria inayomruhusu. Una haki ya kudai mchanganuo wa maandishi. Na hela usimpe mtu mkononi, hata akija na suti. Pango hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoita kontroo namba. Na nyumba haipigwi mnada kwa neno la mtu aliyesimama mlangoni."

Kesho yake walikwenda pamoja ofisi ya ardhi. Afisa mmoja, Bwana Alen, alitafuta kiwanja kwenye kompyuta.

"Deni lipo, mama, na adhabu ipo. Hizi gharama nyingine hazimo kwenye hesabu yetu. Iandikie kampuni barua ya kuzipinga. Acha nakala hapa, na yako igongwe muhuri."

Bibi aliandika kwa mkono wake mwenyewe. Aliomba pia ofisi imruhusu alipe deni kwa awamu, akakubaliwa.

Wiki mbili zilipotimia, kijana wa koti jeusi alirudi. Safari hii bibi hakumkaribisha ndani. Alimpa nakala ya barua.

"Nioneshe sheria ya ada ya ushauri."

Kijana alisoma, akakunja uso. "Nani kakufundisha haya?"

"Nimeshauriwa," bibi akasema. "Bure."

Baadaye ilikuja barua ya kampuni. Gharama zote nne zilikuwa zimefutwa. Bibi alimpigia Dotto, safari hii akamweleza kila kitu. Dotto akasema, "Mama, mbona hukuniambia?" Yeye na Glory walichangia. Mauzo ya karoti yakamalizia. Mwanaheri alikuwa naye siku ya awamu ya mwisho.

Risiti ilipotoka, bibi aliivutia karibu na macho. Deni lilikuwa limekwisha. Ila jina lililoandikwa halikuwa lake. Lilikuwa la Abrahamu.

"Kiwanja bado kiko kwa jina la marehemu," Mwanaheri akamweleza taratibu. "Inabidi tufungue mirathi mahakamani, kisha umiliki uje kwako. Hapo taarifa za pango zitakufikia wewe, na hakuna atakayekubabaisha tena. Twende kesho?"

Bibi alipitisha kidole juu ya lile jina. Muda mrefu ulikuwa umepita bila kuliona likiandikwa upya mahali popote.

"Twende Jumatatu, mwanangu," akasema. "Siku hizi chache niache nikae na jina lake kwanza."