Saa Nane Isiyokuwepo

Kilichoanza kuharibika ni supu. Wiki ya pili baada ya mazishi ya mama yake, Celsa alipakua supu ya kabichi na viazi ikifuka mvuke, akaketi, akashika kijiko, na alipokitia mdomoni supu ilikuwa baridi, mafuta yameganda juu yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kamili mchana. Alikuwa ameketi mezani saa nane.

"Umesinzia na kijiko mkononi," alisema Herminio, mdogo wake, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza.

"Na wewe je?"

Herminio alitazama sahani yake. Ilikuwa tupu, imepanguswa kwa mkate, na kando yake gilasi ya divai ilikuwa tupu pia. Akajilamba midomo kutafuta ladha.

"Mimi nilikuwa na njaa," alisema. "Ila hiyo divai ningependa nikumbuke nimeinywa."

Celsa hakucheka. Alikuwa mtu wa kutaka kila jambo likae mahali pake. Nyuma ya kitabu cha misa cha ukoo wao kulikuwa na kurasa za vizazi vitano: nani kazaliwa, nani kafa, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Tangu akiwa msichana, mwandiko wa kurasa hizo ulikuwa wake.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari uliofutwa.

Mama yao, Deolinda, alikata roho mwezi wa Machi, usiku ule wa kila mwaka ambao nchi nzima husogeza saa mbele kwa saa moja. Katika nyumba za ukingo huu wa mto Miño, upande wa Hispania, mtu akifa saa ya nyumba husimamishwa papo hapo ili roho ijue ilitokea mlango gani. Baada ya mazishi watu husubiri mpaka siku ifike tena kwenye saa ileile, ndipo saa huanzishwa, na mishale haiguswi. Celsa aliisimamisha kwa mkono wake: saa nane na dakika ishirini za usiku. Akaandika kitabuni. Asubuhi daktari alikuja kuandika cheti.

"Haiwezekani, mama," alimwambia kwa upole. "Usiku wa leo ilipotimia saa nane ikawa saa tisa hapohapo. Saa nane na dakika ishirini haikuwepo."

"Mimi nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo. Saa ndiyo haikuwepo." Akaandika saa tisa na dakika ishirini.

Celsa hakuweza kuvumilia maandishi mawili yanayopingana juu ya mama yake. Alifuta mstari wake, akaandika wa daktari. Na walipotoka makaburini alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika nyumba ile: aliusukuma mshale kwa kidole, akauzungusha mzunguko mzima, kutoka saa nane na ishirini hadi saa tisa na ishirini, kisha akaianzisha saa. Katikati ya mzunguko mshale ulikuwa mzito kidogo, kama mlango unaosukumwa na nyuma yake kuna mtu.

Baada ya siku ile ya supu, saa nane ya mchana ilianza kupotea mara kwa mara. Walikuwa wakiketi kula, wakizungumza habari za mizabibu au bei ya mbolea, na katikati ya neno ikawa saa tisa. Vyombo vilikuwa vimeoshwa. Siku moja Celsa alijikuta amesimama kwenye mlango wa chumba cha mama yake, kitanda kimetandikwa upya, na hewa inanuka sabuni ya mche na majani ya mtoni. Herminio alianza kula saa saba, peke yake, akiwa amesimama.

"Nakula wakati bado naonja," alisema. "Mizuka itanisamehe."

"Usilitaje hilo neno humu."

"Haya, dada. Sijataja mizuka."

Shule zilipofungwa, mjukuu wa Celsa, Antía, aliletwa akae naye, maana mama yake alifanya kazi za zamu kiwandani huko Vigo. Alikuwa na miaka sita, hajakamilisha meno ya mbele, na alikuwa amejifunza kusoma saa karibuni, jambo aliloliringia mbele ya kila mgeni. Celsa alijaribu kumlisha mapema. Mtoto alikula, lakini saa nane ilipogonga alirudi kuketi mezani mwenyewe, mikono juu ya kitambaa, kama mtu aliyeitwa.

Na saa tisa viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Ulikwenda wapi?" Celsa aliuliza, akimvua soksi zilizokuwa zikichuruzika maji.

"Kwenye birika la kufulia. La mawe, lenye paa."

"Kijijini hapa hakuna birika la paa, mpenzi."

"Lipo kwa Bibi Mkubwa, mama yako." Mtoto alizungumza kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza kanisani. "Ananiuliza saa ngapi. Mimi namwambia saa tisa na ishirini, kama ulivyoandika kitabuni. Anasema nimekosea. Anasema atakaa nami mpaka nipatie."

Celsa alimkausha miguu. Birika lile alilijua. Lilikuwa katika kijiji alichozaliwa mama yake, upande wa Ureno, ng'ambo ya mto, kabla hajavushwa kuja kuolewa huku.

Alivumilia majira yote ya joto kwa sala, kwa maji ya baraka, kwa kufungua na kufunga madirisha. Shule zilipofunguliwa mtoto aliandikishwa hapo kijijini, zamu za mama yake zikiwa hazijapungua, na kila wiki alirudi kutoka birikani akiwa baridi zaidi. Mwisho wa Oktoba, siku ya Alhamisi, Celsa alivuka daraja kwenda kwa Idalina, binamu wa marehemu mama yake, aliyekuwa akiwaombea watu kwa matone ya mafuta ya zeituni kwenye sahani ya maji. Idalina alidondosha tone moja. Halikuelea, lilizama hadi chini likakaa pale kama jicho.

"Deolinda alikufa saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika ishirini."

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya daktari."

"Mimi sikumuuliza daktari." Celsa akamweleza yote, pamoja na ule mshale.

"Mlimzika bila saa," alisema yule bibi. "Mmemwacha kizingitini. Na wewe ndiye uliyejifanya msomi."

"Daktari aliniambia saa yenyewe haikuwepo."

"Kwenu haikuwepo. Kwetu ilikuwepo. Saa zetu ziko nyuma ya zenu kwa saa moja, na usiku ule huku ilipotimia saa saba ikawa saa nane. Saa nane na ishirini mimi nilikuwa macho namkanda jirani mgongo, na kiuno chake mpaka leo ni ushahidi." Akamwaga maji mlangoni. "Sasa sikiliza. Usiku wa Jumamosi mnarudisha saa nyuma, siyo? Saa nane huko kwenu itapita mara mbili. Mtu anayetafuta saa moja akipewa mbili zinazofanana hataijua iliyo yake. Atabaki humo. Na atakayekuwa amemshika mkono atabaki naye."

"Nifanye nini?"

"Akikuuliza, mwambie kweli. Akiuliza mtoto, umechelewa."

Celsa alipanga kumrudisha Antía Vigo Jumamosi asubuhi. Gari la Herminio halikuwaka mpaka adhuhuri, na adhuhuri mtoto alikuwa na homa, na ilipokaribia saa nane Celsa alikuwa amemfunga kwenye kiti kwa shali yake mwenyewe, fundo juu ya fundo, akaketi magoti yakigusana na yake, akimshika mikono yote miwili, akimtazama usoni bila kupepesa, akisikia saa ya ukutani ikijikusanya kabla ya kugonga, akisikia pumzi za Herminio nyuma yake, akinusa sabuni, sabuni na maji yaliyokaa kivulini, na akajiambia kwamba hatasema neno lolote ili lisije likakatika katikati, na hata wazo hilo likakatika katikati.

Ilikuwa saa tisa. Shali ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti kitupu.

Herminio alikuwa ameshika ukuta. "Dada. Yuko wapi?"

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Celsa alitazama saa, na kwa mara ya kwanza tangu Machi ukali wake wa hesabu ulimfaa.

"Hapa saa nane imekwisha," alisema. "Ng'ambo ndiyo kwanza inaanza. Washa gari."

Liliwaka. Walipita daraja la chuma, na Celsa alikuwa amelalia dirisha akitafuta mnara wa kanisa la upande ule, na alipouona ulisema saa nane na dakika tisa, na barabara ya mizabibu ilikuwa nyembamba, na trekta lilikuwa mbele yao, na Herminio alipiga honi na kutukana na kusali kwa pumzi moja, na ilikuwa saa nane na kumi na nne, na kumi na sita, na paa la birika likatokea chini ya barabara, na Celsa alishuka kabla gari halijasimama, akateleza kwenye mawe, akaenda kwa magoti na viganja mpaka ukingoni.

Mama yake alikuwa amesimama majini hadi mapajani, amevaa nguo waliyomzika nayo. Uso wake haukuwa wa kutisha. Ulikuwa uso wa mtu aliyekosa gari la mwisho na hakuna anayetaka kumwambia. Alikuwa amemshika Antía mkono, na maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa mtoto.

"Saa ngapi, mwanangu?" aliuliza Deolinda, na alikuwa anamwinamia mtoto.

Antía alifungua mdomo.

"Niulize mimi, mama," alisema Celsa.

Yule mfu aligeuza kichwa polepole. "Saa ngapi?"

Kengele ya kanisa haikugonga. Hugonga kila nusu saa tu. Celsa alitazama saa ya mkononi, akaondoa saa moja, akangoja mshale mwembamba umalize mzunguko, huku meno ya mtoto yakigongana.

"Saa nane na dakika ishirini. Umekufa, mama. Umefia saa ya kwenu. Mimi ndiye niliyekufuta."

Deolinda aliuachia mkono. Akamwinamia mtoto, akamnong'oneza sikioni maneno machache, akambusu. Kisha maji yakawa maji matupu, yenye povu la sabuni kidogo pembezoni.

Njiani kurudi, Antía alikuwa amevikwa koti la Herminio, homa imetoka. Celsa alikuwa amempakata, akiandika kichwani mstari atakaousahihisha usiku ule.

"Alikunong'oneza nini?" Herminio aliuliza, akijaribu kuchangamka. "Alinisema mimi?"

"Hapana. Alimsema Bibi." Mtoto alipiga mwayo. "Ameniambia saa ya Bibi. Siku na dakika. Amesema nisiitaje mpaka Bibi mwenyewe aulize."

Celsa alimfunika mtoto koti mpaka kidevuni.

Saa nane ya mchana haipotei tena katika nyumba ile. Supu huliwa ya moto. Mwishoni mwa wiki Antía akija, huketi mkabala na bibi yake, hutazama saa ya ukutani, kisha humtazama yeye, kwa subira ya mtoto mwenye adabu anayejua jibu na anangoja kuitwa. Kwenye kitabu, chini ya jina la Deolinda, Celsa ameshaandika jina lake mwenyewe, na nafasi ya saa ya kufa imebaki wazi, na kalamu imelala juu ya ukurasa.

"Bibi," husema Antía.

"Kula," husema Celsa, na humwongezea supu.