Mlango wa Maji

Yaya Ursule alihamia kule kwenye maporomoko siku ya Jumamosi, mwezi wa kumi na moja, asubuhi yenye jua zuri. Ni dada yangu mkubwa wa tumbo moja, yaya kama tunavyosema kwetu, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na daktari alisema: apumzike mwezi mzima, mbali na kelele za Makiso, katikati ya mji.

Nyumba ilitolewa na tantine Georgette, shangazi wa Constant, mume wa yaya. Mwezi ule maji yanapanda, wavuvi wanaondoa mitego yao, vile vikapu virefu vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, na ukingo wote unabaki kimya. Nyumba ya matofali. Mlango mmoja unatazama mto, mwingine barabara.

Tantine, mjane asiye na mtoto, alikuja kutuchukua kwa pirogi, mtumbwi wa kukodi.

"Hatuwezi kupita barabarani?" nikauliza.

"Hapana, mwana yangu. Muingie na mulango ya maji. Kule njo kunaingiaka wageni ya heshima."

Tukaingia. Godoro, masufuria, yaya na tumbo lake. Tantine alisimama kwenye ngazi akihesabu vichwa vyetu. Tulikuwa watatu: yaya, Constant na mimi. Alihesabu mpaka nne.

Mimi na Constant tulitoka na mlango ule ule, tukarudi na pirogi ile ile, tukamwacha yaya na tantine. Yeye akaenda Opala kwa kazi yake. Wiki ya kwanza yaya alikula, akalala, akanenepa. Wiki ya pili nilimtembelea kwa toleka, baiskeli ya abiria, na kwenye mlango wa barabara mabega yangu yakakwaruza mbao pande zote mbili. Mimi si mnene.

"Yaya, mulango yenu imekonda!"

"Tumbo yake njo inanenepa," tantine akajibu toka jikoni, na tukacheka.

Yaya hakucheka. Alinivuta karibu, akanong'ona: "Jana nilitoka kiubavu. Leo siwezi tena."

Mimi ni seremala, sina shule ya ufundi lakini mita yangu haidanganyi. Nilipima. Sentimita arobaini na tano. Kesho yake, thelathini. Misumari ilikuwa na kutu ya miaka, na ukutani hapakuwa na ufa hata mmoja. Madirisha yana vyuma. Upande wa pili, maji yalikuwa yamefika kizingitini, yanakimbia kama yanafukuzwa, na hakuna pirogi iliyokubali kusogea.

Nikachukua nyundo, nikapiga ukuta. Yaya alilia ndani. Nikapiga tena. Akashika tumbo, akapiga magoti. Nikaacha.

Jirani, Papa Yunus, alikuwa anashona nyavu uani kwake.

"Nani aliwaingiza na mulango ya maji?"

"Tantine."

Sindano yake ikasimama. Akasema polepole: "Mutu anaingiaka na mulango ya barabara. Ile ya maji ni ya samaki. Akitoka huku nyuma, atatoka na ile inaweza kupita tu, ingine itabakia. Bon, mungoje maji ishuke, atoke kwenye aliingilia. Wiki tatu. Chakula mutamupitishia dirishani."

"Na akizaa humo ndani?"

"Azae. Atatoka na mutoto mukononi."

Nilimwambia aende akashone nyavu zake. Nilimwita mzee mjinga, mbele ya wake zake. Najuta hata leo.

Saa sita mchana nilirudi. Mlango ulikuwa umebaki kama ufa wa kabati. Yaya alikuwa ametoa mkono mmoja nje. Nyuma yake tantine alikaa kwenye kiti kidogo, akimenya ndizi.

"Muvute, mwana yangu," akasema. "Ama uko mwanaume ya midomo tu?"

"Usinivute," yaya akanong'ona. "Leki yangu, mudogo wangu, usi..."

Nilivuta.

Alipita. Alipita kwa urahisi, kama nguo inayotolewa kwenye sanduku. Hakuna damu. Hakuna kilio. Gauni lake la mimba lilining'inia mbele, tupu. Akalipapasa. Akalipapasa tena.

Mle ndani, kitu kikapiga chafya. Chafya ndogo.

"Asanti," tantine akasema, na mlango ukafungwa.

Hospitalini daktari wa zamu alitugombeza. Alisema mwanamke huyu hajawahi kubeba mimba. Nilirudi na wanaume sita, tukavunja mlango. Nyumba tupu. Tantine hayupo, na hakuna aliyemwona akipita, si kwa barabara, si kwa maji. Nilipima fremu: sentimita themanini.

Ni miaka miwili sasa. Constant alioa mwingine. Yaya anakaa kwangu, hasemi, na mke wangu Aimée ndiye anayemwogesha. Kila asubuhi matiti yake yanajaa maziwa. Kila saa sita mchana yanakutwa matupu, na kitambaa chake kikavu. Tulidhani ni ugonjwa.

Mwaka jana Aimée aliona alama mbili ndogo za meno chini ya chuchu. Baadaye nne. Baadaye nane.

Juzi alihesabu kumi na sita, na ngozi ilikuwa bado na mate.