Mjukuu wa Mama Yake

Kila asubuhi kabla ya shule, binti alikoka makaa ya pasi, na mama yake akanyoosha nguo za watu. Siku hiyo pasi haikuguswa. Mjomba alikuwa amemkalisha mama kwenye kigoda, anampaka unga wa ngano kichwani.

Mjomba huyu mtaani walimwita Profesa kwa kumkejeli, naye, maskini, akadhani ni heshima. Alijua kila kitu isipokuwa kutafuta kazi. Sasa alikuwa amesikia kijiweni kwamba mafao ya wajane hupewa mjane aliyetimiza miaka hamsini. Mama alikuwa na thelathini na tisa. Tangu baba afariki, nguo za kunyoosha hazikutosha hata chakula, na bila mafao hayo binti angeacha shule. Basi Profesa akaamua kumzeesha dada yake: nywele zipakwe unga, mgongo upinde, vyeti visemwe vimeungua. Binti naye aitwe mjukuu, asije akaufichua umri wa mama.

"Ukiniita mama mle ndani, umetuponza," mama alimwambia bila kumtazama.

Ofisini mama alikohoa kizee, unga ukamdondokea mabegani. Afisa wa mafao, mama mmoja wa makamo, aliutazama kama anayetazama nzi kwenye chai.

"Huyu mtoto ni nani wako?"

"Mjukuu wangu."

Binti aliumia vibaya. Baba hayupo, sasa na mama anamkana! Akawadharau wote wawili, kaka na dada.

"Mimi ni mtoto wake," alisema. "Aliyekufa ni baba yangu."

Profesa akadakia kwamba mtoto ana homa, anaweweseka. Afisa akamwambia anyamaze, unga ni wa kupikia. Kisha akamgeukia mama.

"Umri wa miaka hamsini ni kwa mjane asiye na mtoto. Mwenye mtoto anayesoma haulizwi umri. Ungeendelea kumkana huyu, ungetoka hapa mikono mitupu. Kanawe, ulete cheti chake cha kuzaliwa."

Bombani nje, Profesa alidai eti hilo alikuwa analijua siku nyingi. Mama alimwambia afunge mdomo, akamshika binti mkono.

"Nisamehe, mwanangu. Uongo ule ulinitaka nikutupe wewe kwanza, nami nikakubali. Mtu akikuletea uongo wa kukusaidia, muulize kwanza uongo huo unataka umkane nani."